Baiskeli ya Shinyanga ikifika milima ya Geita

MFANYABIASHARA aliyezoea kubeba mpunga kwa baiskeli katika tambarare za Shinyanga, akihamia Geita hukuta mambo mengine. Ile Phoenix iliyokuwa ikimlipa sasa anaisukuma kwa mikono kupanda kilima, na wakati wa kuteremka anaburuza viatu chini kuisaidia breki. Akiwa amebeba nanasi zilizoiva, nusu zitafika sokoni zimebondeka.

Tatizo la kwanza ni gia. Chukua baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila mzunguko wa pedali huzungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu. Baiskeli ya milimani ikiwekwa gia nyepesi kabisa, tuseme meno 22 mbele na 34 nyuma, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Mwendo ni wa kobe, lakini mzigo wa wastani unapanda na mwenyewe yuko juu ya kiti.

Rwanda waliliona hilo mapema. Mwaka 2005 alifika huko Tom Ritchey, Mmarekani ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za milimani, akakuta wakulima wakisafirisha mazao kwa baiskeli za mbao. Ikabuniwa baiskeli ndefu ya chuma, yenye gia na keria ya kubeba zaidi ya kilo 100, kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Kahawa mbivu isipofika kiwandani siku ileile huanza kuchacha, na bei huporomoka.

Tatizo la pili, ambalo wengi hawalitazami, ni njia yenyewe. Kijia kinachoshuka mlima moja kwa moja hugeuka korongo baada ya masika machache. Watengenezaji wa njia za michezo ya baiskeli hukata njia kwa kukingama mlima, kwa wastani usiozidi mita 10 za kupanda katika kila mita 100, na ukingo wa nje huinamishwa kidogo ili maji yatoke. Mkulima aliyechimba matuta ya kontua hahitaji kufundishwa hilo upya.

Njia ya namna hiyo inamtosha mwendeshaji wa kiwango cha kati. Miteremko ya mawe waachiwe wazoefu, wanaojua kusogeza makalio nyuma ya kiti, kutumia breki zote mbili na kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki za vyuma zinazobana rimu hupoteza nguvu zikilowa. Geita kuna hatari nyingine: maduara yaliyoachwa na wachimbaji wadogo. Njia isiyowekewa alama pembeni si ya kupitwa kwa kasi.

Lushoto vijana hulipwa kuwaongoza watalii wa baiskeli milimani, na Kilimanjaro njia ya Kilema hutumika kwa mchezo huo. Kwa Geita, nanasi na mihogo vitalipia njia mapema kuliko mgeni yeyote.

Anayenunua baiskeli ya gia ya mtumba aanze na breki, rimu na meno ya nyuma. Shokapu za bei rahisi aziache. Huongeza uzito na hufa haraka. Kisha amuulize fundi wa kijijini kwake kama cheni yake inapatikana hapo karibu, kabla hajatoa hela.