Almasi iliyokanwa na nyota

Mwaka 2012 magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari za sayari ya almasi. Jina lake la kitaalamu ni 55 Cancri e, na iko umbali wa miaka ya nuru 41, katika kundinyota la Kaa, au Saratani kwa wale waliozoea majina ya buruji. Watafiti wakiongozwa na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wamepiga hesabu kwamba huenda theluthi ya uzito wake, au zaidi, ni almasi. Neno "huenda" lilidondoka njiani, kama ilivyo kawaida yake, na hadi leo sayari hiyo husifiwa kama kito kinachoelea angani. Tamaa ya vito ilichangia, lakini kosa kubwa lilikuwa jingine: tulipokea habari za sayari bila kuuliza habari za nyota yake, ilhali karibu kila tunachokijua kuhusu sayari hiyo tumekipata kwa nyota.

Ilipogunduliwa mwaka 2004, hakuna aliyeiona. Kilichoonekana ni nyota ikiyumba kidogo, ikivutwa na kitu kilichofichika, na wanaastronomia wakakadiria kuwa kitu hicho huizunguka kwa siku 2.8. Walikosea. Darubini za ardhini hupima usiku, kwa hiyo vipimo huachana kwa takriban siku nzima, na mwendo wa kasi kuliko hapo hujivika sura ya mwendo wa polepole, kama gurudumu la gari kwenye filamu linavyoonekana kurudi nyuma. Vipimo vilipochambuliwa upya mwaka 2010, mwaka mzima wa sayari hiyo ukapungua hadi chini ya saa 18. Mwaka 2011 darubini za angani, MOST ya Kanada na Spitzer ya Marekani, zikathibitisha: kila baada ya saa hizo sayari hupita mbele ya nyota, na mwanga hupungua kwa sehemu tatu hivi katika 10,000. Upungufu huo hauelezi upana wa sayari. Unaeleza tu ni kipande gani cha nyota kilichozibwa. Ilibidi nyota yenyewe ipimwe, nayo ikapimwa kwa darubini zilizounganishwa kwenye mlima wa Mount Wilson, California, ikaonekana ni ndogo kidogo kuliko Jua. Kutokana na vipimo hivyo sayari ikapewa upana unaokaribia mara mbili ya Dunia na uzito wa takriban mara nane. Ndiyo maana huitwa Dunia-kuu, jina linalopotosha, kwa kuwa linahusu mizani tu. Iko kilomita milioni 2.3 kutoka kwa nyota yake, na uso wake wa mchana una joto la kuyeyusha mawe.

Almasi nayo ilitoka kwenye nyota. Sayari na nyota huumbwa kutokana na wingu moja la gesi na vumbi, na uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuwa umesema kuwa nyota hii ina kaboni nyingi kuliko oksijeni. Kama ni hivyo, watafiti walisema, mawe ya sayari nayo yatakuwa ya kaboni, na kaboni ikikandamizwa huwa almasi. Hoja ilikuwa safi. Msingi wake ndio uliokuwa dhaifu. Mwaka 2013 uchambuzi mwingine wa mwanga wa nyota, uliotumia alama zaidi za oksijeni, ulikuta kaboni ikiwa takriban 0.78 ya oksijeni. Kwa kiwango hicho hakuna sababu ya kuitarajia sayari ya kaboni. Sayari haikuwa imeguswa na mtu. Nyota ilipimwa vizuri zaidi, na almasi ikaondoka.

Atasema msomaji makini kwamba nyota si sayari, na mtoto hafanani na mzazi kwa kila kitu. Ni kweli, na vipimo vya 2013 havikuthibitisha kwamba hakuna hata punje ya almasi kule. Lakini walioleta dai la almasi waliegemea ufanano huohuo. Ukiondoka, anayedai ndiye anayebaki na mzigo wa ushahidi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba siku hizi darubini ya James Webb hupima joto la sayari yenyewe. Hata hivyo hupima kwa kulinganisha: mwanga wa nyota na sayari kwa pamoja, kisha mwanga wa nyota peke yake sayari inapojificha nyuma yake. Tofauti ndiyo sayari. Usipoijua nyota, huna cha kutoa.

Kwa njia hiyo, mwaka 2024 ilitangazwa kuwa upande wa mchana una nyuzijoto 1,540 za Selsiasi hivi, wakati zilitarajiwa 2,200. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba kuna hewa inayosambaza joto, iliyotokana na gesi zinazofuka kutoka kwenye mawe yaliyoyeyuka, ingawa vipimo vimekuwa vikibadilikabadilika na mjadala haujafungwa. Gesi zinazotajwa ni kaboni dioksidi na kaboni monoksidi. Kaboni basi huenda ipo kwa wingi, ila katika umbo la gesi, mojawapo ikiwa kaboni monoksidi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.