Kazi ya Mabwawa ya Maji Machafu

Nje ya baadhi ya miji midogo ya Kenya, upande wa bondeni, yapo mabwawa matatu au manne yaliyozungukwa na seng'enge, na bata wakiogelea humo. Wapita njia wengi hudhani kwamba ni jalala la maji tu. Sivyo. Hapo ndipo maji yatokayo vyooni, majikoni na hospitalini husafishwa kabla ya kurudishwa mtoni, ambako watu wengine huyateka.

Mji mdogo kwa kawaida hauna fedha za kununua mitambo ya umeme na kuitunza. Kwa hiyo hutumia vitu visivyolipiwa, yaani jua, upepo na wakati. Hata Nairobi hutumia njia hii katika mabwawa makubwa ya Dandora.

Maji hupita kwanza katika vyuma vinavyozuia matambara na takataka, kisha huingia bwawa la kwanza, lenye kina cha futi 10 hata 15. Uchafu mzito hutua chini, na viini visivyohitaji hewa huula na kuugeuza kuwa gesi. Harufu hutoka hapa zaidi.

Bwawa la pili ni pana, na kina chake ni futi 5 hivi, ili mwanga wa jua upenye. Maji yake ni ya kijani, na rangi hiyo huwachukiza wageni, ingawa ni dalili njema. Ni rangi ya mwani, mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana mwani hutoa oksijeni, ambayo viini huitumia wanapoula uchafu uliosalia; na viini navyo hutoa hewa ya kaboni na mbolea ambazo mwani huzihitaji. Hivyo kila mmoja humlisha mwenziwe. Bwawa hili likigeuka jeusi au la zambarau, limepewa uchafu kupita kiasi.

Katika mabwawa ya mwisho maji hukaa siku kadha, na jua huua viini vya homa ya matumbo na vya kuhara. Mayai ya minyoo hayafi upesi hivyo. Hayo huzama na kubaki katika tope.

Tope hilo ndilo lenye hatari. Likiachwa lijae, nafasi ya maji hupungua, na maji yaliyopasa kukaa majuma kadha hupita kwa siku chache. Kwa macho hakuna kilichobadilika: maji yaingia, maji yatoka. Bwawa la kwanza lapasa kuondolewa tope likijaa thuluthi moja, lakini kazi hiyo haina sifa, na ni rahisi kuiahirisha mwaka hata mwaka.

Tena wako wakulima ambao wakati wa kiangazi huziba au hutoboa bomba kabla halijafika mabwawani, ili wanyweshe sukuma wiki. Si watu wajinga. Maji hayo yana mbolea, na mboga hustawi kweli. Lakini mayai ya minyoo yamo yote. Mwaka 1989 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba maji ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi yasizidi yai 1 la minyoo katika lita 1. Maji ya bombani hayakaribii kipimo hicho. Yakichotwa baada ya bwawa la mwisho, mahali panapotunzwa vema, huweza kukifikia, na sehemu ya mbolea yake ingalimo.