Atakayerudi Mvumi Atapokelewa na Nani?

Aprili 2, 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo Mtanzania, Rashid Charles Mberesero, na haikuchukua siku nyingi ikaripotiwa kwamba alikuwa akisoma Sekondari ya Bihawana, hapa hapa Dodoma. Ukitoka kwetu Mvumi ukaingia mjini, kisha ukashika barabara ya Iringa, huendi mbali kabla ya kuifikia Bihawana. Ni shule ambayo mtoto wa jirani yako anaweza kupangiwa.

Julai 2019 mahakama ya Nairobi ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kula njama ya kufanya ugaidi. Wenzake wawili walipata miaka 41 kila mmoja. Novemba 2020 akafa katika gereza la Kamiti, na ikaelezwa kwamba alijiua. Jalada likafungwa. Kijana alitokaje kwenye dawati la Dodoma hadi Garissa? Nani alimwendea, akamwahidi nini? Hayo alikwenda nayo kaburini, na mwalimu wa Mvumi anayetaka kujua amwangalie nani darasani kwake hana pa kuuliza.

Huku kwetu jibu la haraka huwa ni moja: huyo wa kupelekwa Mirembe. Tumekaa na hospitali ile ya wagonjwa wa akili na Taasisi yake ya Isanga miaka mingi, tukazoea kuamini kwamba anayefanya jambo la kutisha hana akili timamu. Lakini watafiti waliozungumza na wafungwa wa ugaidi katika nchi nyingi wamekuta wengi wao si wagonjwa wa akili. Magereza ya England na Wales hutumia mwongozo wa mambo 22, yaliyogawanywa katika mafungu matatu: kilichomvuta mtu, nia aliyonayo, na uwezo wake wa kudhuru. Katika fungu la kwanza utakuta mambo ambayo mzee yeyote wa kijiji angeyataja bila kusoma saikolojia: kinyongo cha kuonewa, kutafuta heshima, kutaka kuwa mtu wa kundi fulani, kutamani msisimko. Kuyajua hayo si kumsamehe muuaji. Daktari anayeuliza ugonjwa uliingilia wapi hajauonea huruma ugonjwa.

Na mwongozo si hirizi. Usman Khan alifungwa Uingereza kwa kosa la ugaidi, akapitia programu za kubadili fikra, akatoka Desemba 2018. Tarehe 29 Novemba 2019 alialikwa London kwenye mkutano wa mradi wa elimu ya wafungwa, akawachoma kisu na kuwaua vijana wawili waliokuwa wakisaidia wafungwa kama yeye. Uchunguzi wa vifo hivyo ulifichua kasoro nyingi za usimamizi. Lililonishika mimi ni dogo zaidi: uraiani alikuwa anaishi peke yake, hana kazi, nje hatoki mara nyingi. Gereza lilikuwa na programu. Mtaani hakuwa na wenzake.

Kenya nayo ilijaribu njia yake. Siku chache baada ya Garissa, Waziri wa Mambo ya Ndani, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab, wajisalimishe wasaidiwe. Wapo waliojitokeza. Lakini huko Kwale baadhi ya waliorudi waliuawa, na kijana aliyekuwa bado Somalia akizisikia habari hizo hakuhitaji kuambiwa na kamanda wake kwamba nyumbani hakurudiki.

Sisi tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi tangu 2002, na tuna askari magereza wanaolijua neno urekebu, yaani kumrekebisha mfungwa, na kazi yake. Udhaifu wetu unaanza mapema, kabla ya hukumu. Masheikh wa kundi la Uamsho la Zanzibar, ambao mahakama haikuwahi kuwatia hatiani kwa ugaidi, walikaa mahabusu miaka mingi hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Mahabusu hajahukumiwa, kwa hiyo hakuna wa kumrekebisha wala cha kumrekebisha. Anakaa tu. Na mtu aliyekaa hivyo miaka, akiwa hana kosa, anatoka na dai ambalo mpotoshaji yeyote angelinunua kwa bei nzuri.

Tuseme sasa mwenye hatia kweli amemaliza kifungo, anashuka kwenye daladala Mvumi. Kitu cha kwanza atakachohitaji ni barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Bila hiyo milango mingi haifunguki. Mtendaji atamuuliza mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti atauliza majirani, na majirani watasema hatumjui siku hizi. Akitaka mkopo wa asilimia 10 za mapato ya halmashauri lazima awe ndani ya kikundi cha vijana. Kikundi gani cha kufuga kuku au kulima zabibu kitaandika jina lake kwenye orodha, wakati mmoja akikorofisha wote wanabaki na deni?

Mimi ningeanzia hapo. Gereza limwandikie mtendaji miezi kadhaa kabla, ndugu waitwe, mchungaji au sheikh wa eneo amtembelee akiwa bado ndani, na polisi wa kata waelezwe kazi yao ni kumfuatilia bila kumtangaza. Halmashauri nayo iseme mapema deni la kikundi atalibeba nani akitoroka, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza litakaloulizwa kwenye mkutano wa kijiji.