Safari ya Vitabu vya Kiarabu (2): Ibn al-Nadim, Muuza Vitabu wa Baghdad

Wiki iliyopita tulieleza jinsi karatasi ilivyoenea Baghdad na kuzaa biashara kubwa ya vitabu. Leo tumtazame mtu aliyelelewa na biashara hiyo: Muhammad bin Ishaq, maarufu kwa jina la Ibn al-Nadim. Baba yake alinakili vitabu kwa mkono na kuviuza, naye akashika kazi hiyohiyo.

Mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, alitunga Kitab al-Fihrist, orodha ya vitabu vilivyokuwapo kwa Kiarabu, vya Waarabu na vya mataifa mengine. Aliigawa milango kumi. Sita ya kwanza inahusu misahafu na maandishi, nahau, historia, ushairi, elimu ya itikadi (kalam), kisha fiqhi na hadithi za Mtume. Minne iliyobaki ni ya falsafa na tiba, ngano na uchawi, dini nyingine, na alkemia.

Habari zake alizipata kwa watu wa kazi yake. Alijuana na Yahya bin Adi, Mkristo aliyefasiri vitabu vya falsafa kutoka Kisiriani, naye pia mnakili. Siku moja Ibn al-Nadim alimlaumu kwa kunakili kupita kiasi. Yahya akamjibu kwamba ameshainakili tafsiri ya Qurani ya Tabari mara mbili, na kwamba usiku na mchana mmoja humtosha kuandika karatasi mia moja. Lakini kuhusu Wachina alimuuliza mtawa wa Najran aliyerejea kutoka Uchina.

Wengi humsifu kwa wingi wa majina aliyoyaorodhesha. Mimi namsifu zaidi kwa uaminifu wa vipimo. Alipotaja diwani ya mshairi, alieleza ina karatasi ngapi, na akabainisha aina ya karatasi anayokusudia: yenye mistari ishirini kila ukurasa. Hivyo mnunuzi aliyeuziwa nakala pungufu aliweza kuing'amua. Huo ni ujuzi wa sokoni, nao ndio ulioifanya orodha yake itegemewe na wanazuoni hadi leo, kwani vingi kati ya vitabu hivyo vimepotea na tunavijua kupitia kwake tu.

Historia ya elimu husimulia watunzi na wafalme. Haijakamilika bila muuza vitabu.

Wiki ijayo: Hunayn bin Ishaq na wafasiri wa vitabu vya tiba.