Shimo chini ya mkeka: mtego uliozaa ufalme wa Waluba

Mjini Kolwezi hakuna anayehitaji kuelezwa shimo ni kitu gani. Katika mtaa wa Kasulo watu wamechimba kobalti ndani ya nyua zao, wengine hadi chini ya sakafu za vyumba walimolala. Lakini shimo mashuhuri kuliko yote katika masimulizi ya Katanga halikuchimbwa kutafuta madini. Lilichimbwa kumuua kijana aliyejua kucheza ngoma.

Kijana huyo ni Kalala Ilunga. Aliyemchimbia ni mjomba wake, Nkongolo Mwamba, mfalme ambaye Waluba humsimulia kuwa mwekundu wa ngozi na mkatili. Jina lake huhusishwa na upinde wa mvua. Baba wa kijana, mwindaji Mbidi Kiluwe, alikuwa mgeni kutoka mashariki, ng'ambo ya mto Lualaba. Alikuja na adabu ambazo Nkongolo hakuzijua, kama vile mkubwa kutokula mbele za watu, akaoa katika nyumba ya mfalme, kisha akarudi kwao.

Mtoto akakulia kwa mjomba. Akawa hodari vitani, akapendwa, na hapo ndipo hatari ilipoanza.

Nkongolo hakumkabili mpwa wake kwa mkuki. Aliamuru shimo lichimbwe, mikuki isimamishwe ndani ncha zikitazama juu, na mkeka utandikwe ukafunika yote. Kisha akamwita Kalala aje acheze mbele ya baraza. Katika mtego wote huo, sehemu hatari zaidi ni mwaliko. Mpwa anakataaje kucheza mjomba anapomwita mbele ya watu?

Katika masimulizi mengi, aliyemwokoa ni mpiga ngoma. Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji maelezo kidogo, maana lugha yetu haina utaratibu huu. Kiluba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana hubadilika. Ngoma inayofuata toni hizo inaweza kusema maneno yanayoeleweka kwa mwenye sikio. Mpigaji akatia onyo ndani ya mdundo. Kalala akaendelea kucheza, akausogelea mkeka, akauchoma kwa mkuki wake. Shimo likaonekana. Akaruka, akakimbilia kwa baba yake.

Alirudi na jeshi. Nkongolo alikimbia, akakamatwa, akakatwa kichwa, na Kalala akawa mwanzo wa ukoo wenye bulopwe, yaani ufalme mtakatifu wa Waluba. Wataalamu wa chama cha Mbudye walihifadhi historia hiyo kwa lukasa, ubao wa mkononi wenye shanga na michoro. Msimulizi aligusa shanga kwa kidole huku akisimulia, na shanga hizo hizo zingeweza kutoa simulizi tofauti kidogo kulingana na mahali na wasikilizaji.

Ajabu ya mkasa huu ni kwamba aliyetega ni mwenye nguvu. Hadithi za watoto katika eneo hilo hilo huenda kinyume. Humo mtegaji ni mdogo: Kalulu, ambaye ni sungura, au Kabundi katika ngano za Waluba wa Kasai, ambao wengi walihamia migodini Katanga. Kalulu hana pembe wala meno ya kutisha; silaha yake ni kuwafanya wakubwa wajinase wenyewe. Naye hunaswa. Katika ngano ya kisima, anakataa kuchimba na wenzake kisha anaiba maji, hadi kobe aliyejipaka ulimbo anamnasa mguu mmoja baada ya mwingine. Ngano inayofanana sana na hiyo ilisimuliwa na watumwa wa Marekani, na Joel Chandler Harris akaichapisha mwaka 1880.

Mfalme anayetega kama Kalulu, basi, ameshakiri kwamba anaogopa. Nkongolo alikuwa na askari na baraza, lakini hakuthubutu kumshika kijana hadharani.

Kuna sababu nyingine ya kuusikiliza mkasa huu Kolwezi kuliko kwingine. Mji huu, wenye komini mbili za Dilala na Manika, una Wasanga, Walunda, Wachokwe na Waluba. Masimulizi ya Walunda, ambao mfalme wao Mwant Yav ana makao Musumba katika jimbo hili la Lualaba, husema kwamba mwindaji Chibinda Ilunga, wa ukoo ule ule wa Waluba, alifika kwao akamwoa Ruwej, binti wa mfalme. Wachokwe nao walimchonga kwa mti. Sanamu yake moja ipo katika jumba la makumbusho la Kimbell, Fort Worth, Marekani, akiwa na fimbo mkono mmoja na pembe mkono wa pili.

Undugu huo wa kwenye masimulizi haukuzuia yaliyotokea mwaka 1992 na 1993, wanasiasa walipowachochea watu dhidi ya wenye asili ya Kasai. Wengi waliozaliwa Kolwezi na Likasi walifukuzwa majumbani, wakapiga kambi kwenye vituo vya reli wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo baadhi yao walikuwa hawajawahi kuiona.