Kabla ya Kulaumu Kingamuzi

Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, lawama za picha mbovu huangukia kingamuzi. Mpira umekolea, picha inaganda, mwenye nyumba anakichomoa na kukimbilia kwa fundi au dukani. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, kwa sababu kingamuzi hufungua tu kile ilicholeta antena, na antena za nyumba nyingi bado zimefungwa kienyeji, kama enzi za chenga.

Atakayebisha atasema antena hiyohiyo ilikuwa ikionyesha. Ni kweli, ila ilionyesha na chenga zake, nasi tukavumilia. Dijitali haina uvumilivu huo. Kingamuzi husahihisha makosa yaliyomo kwenye mawimbi kimyakimya, picha inabaki safi. Makosa yakizidi kiwango, picha inakatika vipandevipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo maana jirani wawili wanaotazama mnara mmoja, mmoja anaona vizuri na mwenzake haoni kitu. Ushahidi uko kwenye menyu ya kingamuzi chenyewe, penye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu ukijaa huku wa ubora ukirukaruka, mawimbi yanafika lakini yamechafuka, pengine kwa kugonga mabati na kurudi. Kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa nusu mita tu, hivyo kuisogeza antena hata futi moja kunaweza kubadili kila kitu. Hapo usiharakishe kutafuta chaneli upya: antena ikiwa imeyumba, vingamuzi vingi vitazifuta hata zile ulizokuwa nazo. Kagua na kichwa cha waya. Unyuzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, umemaliza kazi.

Wengine huamini busta. Busta haichagui, hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake, na karibu na mnara inaweza kukilemea kingamuzi kabisa. Inafaa pale waya ni mrefu au unapogawia televisheni mbili, nayo hukaa juu, jirani na antena. (Kuifunga nyuma ya televisheni, baada ya waya kula nusu ya mawimbi, ni kukuza kilichobaki.)

Hoja yenye uzito zaidi ni ya dishi. Aliye bondeni, au mbali na mnara, nakubali, anunue dishi. Lakini wa mjini ambaye jirani yake anaona vizuri kwa antena ya kawaida hana sababu hiyo. Aangalie kwanza ya jirani imeelekea wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama, kisha aitoe yake chini ya bati.