Dawa ya Jicho Haigawanywi Kambini

Tulipokuwa safarini kutoka Gitega kwenda Muyinga, kwa barabara ipitayo Karuzi, tulifuatana na sajini mmoja aliyepasuliwa mtoto wa jicho wiki mbili kabla. Mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya matone ya deksamethasoni. "Jicho limepona, afande," alituambia. "Chupa hii nitampa koplo wangu, macho yake yamekuwa mekundu."

Hatukucheka. Katika maneno hayo mlikuwa na makosa mawili, na kila moja laweza kuligharimu jicho.

Jicho likipasuliwa, hata kwa ustadi mkubwa, mwili hukihesabu kisu kuwa adui, ukakusanya ulinzi mahali pale. Jicho huwa jekundu, huuma na kuchukia mwanga. Dawa za jamii ya kotikosteroidi hutuliza ulinzi huo uliopita kiasi. Asili yake ni kotisoni, ambayo Philip Hench wa Marekani aliwatibia wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948. Yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Matone hutiwa mara kadhaa kwa siku, kisha daktari huyapunguza hatua kwa hatua, aghalabu kwa wiki nne au zaidi. Aachaye ghafula huenda maumivu yakamrudia, hata kama jana alikuwa akilenga shabaha barabara.

Sasa yule koplo. Nani ajuaye wekundu wake umetokana na nini? Kotikosteroidi haiui kijidudu chochote. Ikiwa ni virusi vya hepesi, au ukungu ulioingia kwa mkwaruzo wa jani mazoezini, dawa hiyo humlaza mlinzi usingizi na lango li wazi. Jicho litaonekana limepoa, kumbe kioo chake kinaliwa.

Tena yakitumiwa kwa wiki nyingi bila kupimwa, matone hayo huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho pasipo maumivu, hata mshipa wa kuonea ukafa. Na uoni uliopotea hivyo haurudi. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho, maradhi yale yale yaliyompeleka sajini kwenye kisu!

Sajini alinyamaza mpaka Muyinga. Koplo alikuwa akimngoja langoni, mkono umefunika jicho. Tulimpandisha garini, tukampeleka hospitalini.